Pango la Popo Pwani: Namna ya Kupokea Wageni Bila Kuliharibu

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kamati za vijiji, wazee wa kaya (misitu mitakatifu ya Wamijikenda) na vikundi vya vijana wanaotunza mapango ya matumbawe na chokaa, kuanzia Kilifi na Kwale hadi Tanga na Unguja. Tunazungumzia pango la porini: halina taa za kudumu, halina ngazi za saruji, popo wamo, na mara nyingi mzimu, yaani mahali pa tambiko, umo pia. Msimamo wetu ni mmoja. Pango lisifunguliwe mpaka kijiji kiwe na mtu mwenye ufunguo, daftari na mamlaka ya kumwambia mgeni "leo hapana". Vibao, uzio na risiti vyote vinakuja baada ya huyo mtu.

1. Lijueni pango kabla ya kumwita mgeni

Waingie watu wasiozidi wanne, wakiwa na futi kamba ya mita 30, dira, karatasi na tochi za kichwa. Wachore ramani kwa kipimo cha 1:200, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita mbili za pango. Waonyeshe wanapolala popo, panapodondoka maji, vidimbwi, mawe yanayoning'inia, nyufa za paa, vigae vya vyungu, mifupa, na mahali pa tambiko. Ramani ikikamilika ipakeni rangi tatu: kijani ni njia ya wageni, manjano ni kwa watafiti wenye kibali, nyekundu haingii mtu. Katika mapango mengi kijani huwa ni sehemu ndogo karibu na mdomo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Popo wahesabiwe kwa nje, jioni, wanapotoka. Watu wawili wakae pembeni ya mdomo wa pango, wasisimame mbele ya njia yao, kila mmoja na kihesabio cha kubonyeza. Waanze dakika 20 kabla ya jua kuzama, waendelee mpaka popo waache kutoka. Kila baada ya dakika tano waandike waliotoka, watoe waliorudi. Fanyeni hivi kila mwezi kwa miezi 12 kabla ya kufungua. Popo huhamahama kwa msimu, na idadi ya Agosti haifanani na ya Aprili. Msipokuwa na hesabu ya mwaka mzima, siku watakapopungua hamtajua kama ni wageni waliowafukuza au ni safari yao ya kawaida.

Msihesabu kwa kumulika paa mchana. Jike akishtuka huruka ghafla, na kichanga kinachomning'inia au kilichoachwa ukutani huanguka sakafuni. Hakiwezi kupanda kurudi. Siafu humfikia kabla ya mama yake.

2. Tambueni ni popo gani

Hatua hii ndiyo inayoamua kama mtakuwa na wageni ndani au la.

Mchunguzeni kwanza popo wa matunda wa Misri, Rousettus aegyptiacus. Ni popo mkubwa wa hudhurungi, mabawa yake yakikunjuliwa hufika karibu sentimita 60. Ana macho makubwa yanayong'aa kwenye mwanga na uso mrefu kama wa mbwa. Akiwa gizani hupiga ulimi, na kundi likitulia mtasikia milio mifupi ya "tk-tk" inayofuatana. Chini yake sakafu huwa na mbegu, maganda na harufu ya matunda yaliyochacha. Popo huyu ndiye anayehifadhi virusi vya Marburg, viletavyo homa kali ya kutokwa damu kwa binadamu, bila yeye mwenyewe kuugua, na hutoa virusi hivyo kwa mate, mkojo na kinyesi.

Ushahidi uko karibu nasi. Watu wawili waliotembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, waliugua Marburg: mmoja mwaka 1980, mwingine 1987, na wote walifariki. Katika pango la chatu lililoko msitu wa Maramagambo, Uganda, mtalii kutoka Uholanzi aliambukizwa mwaka 2008 akafariki. Hakuwa mchimbaji wala mtafiti. Alikuwa mgeni wa kawaida aliyetaka kuona popo. Mlipuko wa Rwanda wa mwaka 2024 nao ulihusishwa na machimbo wanamoishi popo hawa. Kule Maramagambo baadaye palijengwa chumba cha kutazamia, ili wageni waone popo na nyoka wakiwa mbali, bila kuingia.

Kwa hiyo, kama popo huyu yumo, wageni hawaingii ndani. Wasiingie na barakoa, wasiingie na glovu, wasiingie hata kwa dakika tano. Tengenezeni mahali pa kutazamia nje, upande upepo unakotoka, wageni waangalie popo wakitoka jioni. Hayo ni matembezi mazuri na yanalipiwa. Uchunguzi uliofanywa Uganda umeonyesha kwamba popo wachanga wa takriban miezi sita ndio wenye maambukizi mengi, na kwa kuwa huzaliwa kwa misimu miwili, hatari hupanda mara mbili kwa mwaka. Lakini msijaribu kukisia miezi "salama".

Kama pango lina popo wala wadudu peke yao, mnaweza kuendelea na hatua zinazofuata. Katika mapango ya Fikirini huko Kwale popo wengi ni wa jinsi hiyo, na wamo humo wa aina adimu, mfano Taphozous hildegardeae, ambaye hajulikani nje ya Kenya na Tanzania. Baadhi ya popo wa mapango ya pwani huzaa mara mbili kwa mwaka, wakifuata masika na vuli. Mkiona majike yamejitenga kwa makundi mnene na vichanga visivyo na manyoya, fungeni sehemu hiyo mpaka watoto waanze kuruka. Kama hamna mtaalamu wa kuwatambua popo wenu, mwombeni kutoka Makumbusho ya Taifa au chuo kikuu kabla ya jambo lingine lolote.

3. Vibali

Kenya, pango lenye mabaki ya kale liko chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, na wanyama waliomo wako chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013. Tanzania, anzieni ofisi ya Malikale na ya misitu ya wilaya, kisha mkutano mkuu wa kijiji uandike muhtasari. Pateni maandishi. Ruhusa ya mdomo huondoka na aliyeitoa.

4. Kaeni na wazee wa mzimu

Kamati nyingi huiruka hatua hii, kisha hushangaa kufuli limevunjwa. Watu walikuwa wakiingia pangoni kwa maombi yao kabla hata ya neno utalii kufika kijijini, na wataendelea kuingia. Swali ni jinsi mtakavyokubaliana.

Muulizeni mzee anayeshika mahali hapo mambo manne: siku za tambiko, ni wapi mgeni asifike, vazi linalotakiwa, na nani anaruhusiwa kuondoa vilivyotolewa. Kaya Kinondo, kwa mfano, mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni na huingia na mwongozaji wa kaya. Yaandikeni makubaliano, yasomwe mbele ya wazee, na siku za tambiko zifungwe kwa wageni kabisa. Kupeleka watalii kutazama watu wakiomba ni kuwavunjia heshima, hata kama mwombaji hajalalamika.

Kuna jambo moja mtakalolazimika kulijadili kwa upole: moshi. Ubani ukichomwa ndani kabisa, moshi hupanda hadi paa na kuganda kwenye chokaa yenye unyevu. Masizi yale hayafutiki. Ukisugua unaondoa jiwe. Popo nao hukimbia. Mwombeni mzee chetezo kiwekwe karibu na mdomo, mahali hewa inapotoka nje. Kupapata mahali hapo, shikeni uzi mwepesi wa pamba asubuhi na jioni muone unaelekea wapi, kwa maana hewa ya pango hubadili mwelekeo. Mishumaa iwekwe juu ya kigae, isigandishwe kwenye jiwe. Vitambaa vyeupe na vyekundu, sarafu na visahani vibaki, mwongozaji asiviguse. Chupa za plastiki za marashi ziondolewe na msaidizi wa mzee mwenyewe. Na sehemu ya kiingilio iende kwa wazee, ikiandikwa kwenye hesabu kama malipo mengine.

5. Njia ndani ya pango

Mkiacha wageni wajichagulie njia, baada ya miezi michache pango zima litakuwa njia. Wekeni njia moja ya upana wa sentimita 60 hadi 80, ya kwenda na kurudi hapohapo. Itieni alama pande zote mbili kwa kamba ya nailoni ya rangi angavu, milimita 2 hadi 3, iliyoinuliwa sentimita 10 hadi 20 kwa vigingi vya plastiki ngumu vilivyosimamishwa kwenye mawe ya kubebeka. Msipigilie misumari: chuma hutoa kutu, na kutu hutiririka ikatia madoa jiwe jeupe. Msitumie mbao wala makuti. Mti ukioza gizani huotesha kuvu na kulisha wadudu ambao pango halikuwa nao.

Msichimbe sakafu, hata kusawazisha kijilima. Katika Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, watafiti walikuta kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita, na habari zake zikatangazwa mwaka 2021. Mifupa ilikuwa imelainika kiasi kwamba jembe moja lingeifanya vumbi. Sakafu yenu nayo huenda ina ya kwake. Pakihitajika kidato, tandazeni turubai nene, pangeni mawe bapa juu yake bila saruji, ili siku moja viondolewe bila kuacha alama.

Jiwe linalokua, lile linalojengwa na matone ya maji yenye chokaa, halishikwi. Mafuta ya ngozi huzuia chokaa isigande tena, sehemu ile hugeuka kahawia na kufa. Mengi ya mawe hayo huongezeka kwa sehemu ndogo ya milimita kwa mwaka. Mahali ambapo kila mgeni atanyoosha mkono kujishikilia, njia ndiyo ihamishwe. Tangazo la "usishike" halisaidii mtu anayeteleza.

6. Mlango au uzio

Mlango wa bati au wa nondo za kusimama ni makosa mawili yanayorudiwa sana. Bati huziba hewa, hubadili joto na unyevu, na kuwafungia popo ndani au nje. Nondo za kusimama huwakata mabawa.

Kama popo wenu ni wadogo na si wengi, mlango unaweza kufaa. Vyuma vilale mlalo, nafasi kati ya chuma na chuma iwe milimita 150, na mihimili ya kusimama iachane milimita 450 au zaidi. Tumieni chuma cha pembe kizito, kwa sababu nondo ya milimita 12 hukatwa kwa msumeno wa mkono kwa dakika chache. Mlango usiwekwe pale pango linapobana. Uwekwe mahali papana, ili popo wasisongamane. Fundi achomelee nje, vipande viingizwe na kufungwa kwa bolti, maana moshi wa kuchomelea haufai ndani. Chumvi ya bahari hula kufuli za kawaida, kwa hiyo nunueni ya shaba, ifunikwe na kijisanduku cha chuma, itiwe mafuta kila mwezi.

Kabla ya kutoa oda kwa fundi, fanyeni jaribio kwa mabomba ya plastiki. Fungeni bomba moja mlalo, mtazame jioni. Kesho yake ongezeni la pili. Mkiona popo wanakuja hadi kwenye mabomba, wanageuka, wanazunguka ndani mara kwa mara au wanagongana, yaondoeni usiku huohuo. Pango hilo halitaki mlango.

Makundi makubwa na popo wa matunda kwa kawaida hawaukubali mlango kabisa. Hapo jengeni uzio nje, mita 5 hadi 10 kutoka mdomoni, urefu wa mita 2, na mkate matawi yaliyo kwenye njia yao ya kuruka. Msitumie seng'enge ya miiba. Popo hunasa mabawa usiku na hufa polepole.

Kazi yote ya ujenzi ifanywe nje ya msimu wa kuzaa. Funguo ziwe mbili kwa watu wawili tofauti. Na vijana waliozoea kuingia pangoni kabla ya uzio wapewe nafasi ya kwanza ya kuwa waongozaji: wanalijua pango kuliko mtu yeyote.

7. Siku ya wageni

Kundi liwe wageni sita na waongozaji wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Wa nyuma ndiye mwenye kazi ngumu zaidi, basi awe mzoefu. Muda wa ndani ni dakika 40, na kundi linalofuata lisubiri saa moja. Kila mgeni avae kofia ngumu yenye mkanda wa kidevu, tochi ya kichwa, na viatu vilivyofungwa. Mwongozaji abebe taa tatu zinazojitegemea. Simu si mojawapo.

Nje ya mdomo wekeni ubao wenye misumari na vibati vyenye namba. Mgeni akiandika jina, simu na saa ya kuingia, anachukua kibati, akitoka anakirudisha. Msumari mtupu baada ya muda kupita una maana mtu yumo ndani. Dakika 30 zikipita, anayebaki nje anaanza utaratibu wa kutafuta, wala hasubiri kuona kama "watatoka tu". Namba za simu za zahanati, polisi na watu wenye kamba na machela ziandikwe kwenye ubao huohuo.

Chakula, sigara na flashi ya kamera havipiti mdomo wa pango. Choo kitumike kabla. Karibu na popo tumieni mwanga mwekundu, hafifu, ulioelekezwa chini. Mwongozaji atazame paa kila mara: popo wakianza kuzungusha masikio na kujitikisa, kundi lisimame. Wawili watatu wakiruka, kundi linarudi nje, na aliyelipa aelezwe hivyo kabla hajalipa. Popo aliyeanguka asiokotwe kwa mkono. Anayeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Wageni wenye viatu na vifaa vya mapangoni kutoka nje waulizwe vimetumika wapi. Amerika Kaskazini kuna kuvu anayeua popo tangu 2006, na hatujui popo wetu wangemstahimili vipi. Vifaa vya aina hiyo huloweshwa kwenye maji ya nyuzijoto 55 kwa dakika 20. Njia rahisi zaidi ni kijiji kuwa na buti na kofia zake za kukodisha.

8. Hewa, vumbi na maji

Kaboni dioksidi hutoka kwenye mizizi, majani yanayooza, popo na watu, na hukusanyika mashimoni, hasa mvua zinapokwisha. Wengi hupima kwa kiberiti. Kipimo hicho hakiaminiki: moto huzimika oksijeni ikishuka kufikia karibu asilimia 15, na kufikia hapo kaboni dioksidi yaweza kuwa imeshamlevya mtu zamani. Nunueni mita ya mkononi. Ikisoma zaidi ya asilimia 0.5, msipeleke wageni. Mtu akihema haraka bila sababu, akiumwa kichwa au akichanganyikiwa, wote wanatoka. Jenereta lisiwashwe ndani wala mdomoni; moshi wake huua bila harufu ya kutosha kumwonya mtu.

Mavi ya popo yaliyokauka yanaweza kuwa na kuvu ambaye, vumbi likivutwa, huleta homa na kikohozi baada ya siku 3 hadi 17. Wenye kinga dhaifu huumia zaidi. Njia isipite juu ya lundo kavu. Pasipo budi, pango hilo si la wageni. Mwongozaji anayeingia kila siku avae barakoa ya N95, na akiugua amwambie daktari kwamba anafanya kazi pangoni, maana dalili hufanana na kifua kikuu.

Mapango yaliyo bondeni au karibu na mto, kama Amboni kando ya Mkulumuzi, yafungwe mvua kubwa inaponyesha hata kama ni milimani mbali. Vidimbwi vya ndani mara nyingi ndiyo maji ya visima vya kijiji: mtu asinawe humo, asitie mguu, asioshe losheni ya jua.

9. Kufuatilia, na kufunga

Chagueni sehemu kumi za kupiga picha, zenye alama kwenye ramani, na mpige kila baada ya miezi mitatu kutoka palepale, kwa urefu uleule. Endeleeni na hesabu ya popo kila mwezi. Kabla ya siku ya ufunguzi andikeni kiwango cha kufunga, kwa mfano: hesabu mbili mfululizo zikipungua kwa moja ya tano kuliko mwezi uleule wa mwaka uliotangulia, pango linafungwa. Kiandikwe mapema, kwa kuwa msimu wa wageni ukishaanza kila mtu atakuwa na sababu ya kuahirisha. Lascaux, Ufaransa, ilifunguliwa kwa umma mwaka 1948, na mwaka 1963 ikabidi ifungwe, baada ya pumzi za wageni na taa kuotesha mwani juu ya michoro ya kale. Ufaransa ilikuwa na fedha na wataalamu, na pango halikurudi lilivyokuwa.

Msitangaze mahali pango lilipo kwa vipimo vya ramani mtandaoni, na waombeni wageni wazime alama ya mahali kwenye picha zao. Itangazeni ofisi ya kijiji, ambako ndiko safari inakoanzia.

Pango likifungwa, kamba za njia zibaki, vigingi vikaguliwe kila mwezi na mtu mmoja anayeingia kwa dakika chache, na hesabu ya jioni isikatizwe. Waongozaji walipwe kwa siku za kuhesabu, la sivyo wataondoka na ujuzi wao. Kufungua tena kuamuliwe na mkutano uleule ulioandika kiwango, hesabu zikiwa mezani, angalau baada ya msimu mmoja kamili wa kuzaa.